Mguu Usiohisi: Mafunzo ya Maumivu ya Mishipa ya Miguu na Hukumu za Udhu wa Mwenye Nayo

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa umbo zuri, akamtia macho ya kuonea, masikio ya kusikilia na ngozi ya kuhisia. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: haya ni mafunzo mafupi juu ya maradhi yanayowapata watu wengi miguuni, nayo ni maumivu ya mishipa ya fahamu. Tangu reli ya Tanga ilipofika Moshi katika mwaka wa 1911, watu wa pwani wamepanda bara kwa biashara na kwa kazi, wakakaa mjini na pande za mlimani, Machame na Kibosho, Marangu na Rombo. Wengi katika hao, mtu akiona nyayo zinamwaka moto usiku, husema ni baridi ya Kilimanjaro. Mwingine husema ni uzee, na mwingine husema amekanyaga kitu alichotegewa. Basi huvumilia mwaka na miaka, na khatimaye maumivu hupungua yenyewe, naye hushukuru akidhani amepona. Kumbe hapo ndipo khatari ilipoanza.

Ajue msomaji ya kuwa shabaha ya mafunzo haya ni jambo moja: mguu uliokwisha kuuma bila ya kutibiwa wapasa kuogopwa kuliko mguu unaouma.

FASLI YA KWANZA: Mishipa ya fahamu ni nini

Mwili una mishipa ya namna mbalimbali. Iko ipitishayo damu, na iko mishipa ya fahamu, ambayo kazi yake ni kupeleka khabari. Asili yake ni katika ubongo na uti wa mgongo, nayo huenea mwili mzima. Mirefu kupita yote ni ile inayoshuka mpaka vidole vya miguu, na kwa mtu mzima urefu wake wakaribia mita moja. Kwa sababu ya urefu huo, sumu ikiingia mwilini au chakula cha mishipa kikipungua, hiyo ndiyo hudhurika mwanzo. Basi maradhi huanza ncha za vidole vya miguu yote miwili, yakapanda kama mtu avaaye soksi, na yakikaribia magoti, vidole vya mikono navyo huanza.

Mishipa hii ina kazi tatu miguuni. Ya kwanza ni kuhisi: moto na baridi, mwiba na jiwe. Ya pili ni kuziendesha nyama za mguu, ili vidole vikae sawa na unyayo ukanyage vizuri. Ya tatu ni kutoa jasho, na jasho ndilo linaloilainisha ngozi. Mshipa ukifa, zote tatu huharibika: mtu hahisi mwiba, vidole hujikunja na unyayo hukanyagia mahali pasipo pake, na ngozi hukauka, kisigino kikapasuka.

Na katika kudhurika kwake mshipa hupita daraja mbili. Daraja ya kwanza hupiga kelele: nyayo zachoma kama makaa, au kama sindano nyingi, au hupita kitu kama umeme. Hata shuka nyepesi ikigusa vidole usiku mtu huumia. Daraja ya pili hunyamaza. Mtu huona kama anakanyaga pamba. Na kunyamaza kwake siko kupona, bali ni mlinzi aliyekufa langoni. Mwizi akija hapana wa kupiga ukelele.

FASLI YA PILI: Sababu za maradhi haya

Sababu ni nyingi, na zilizo mashuhuri katika nchi hizi ni nne.

Ya kwanza, nayo ndiyo kubwa, ni maradhi ya sukari. Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka, huidhuru mishipa ya fahamu na ile midogo ya damu inayoilisha. Katika mwaka wa 1989 madaktari walitangaza uchunguzi walioufanya katika vijiji vya Tanzania, na baadhi yake ni vijiji vya Kilimanjaro. Wenye sukari hawakutimia mtu mmoja katika watu 100. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka wa 2012, uliowapima watu wa miaka 25 hata 64, ulikuta yapata watu 9 katika kila 100. Njia za kupima hazikuwa moja, wala waliopimwa hawakuwa namna moja, lakini maana yake iko wazi: maradhi haya si ya matajiri peke yao tena. Na wengi hawajui kuwa wanayo. Wako ambao khabari ya kwanza ya sukari huwajia kutoka miguuni.

Ya pili ni maradhi ambayo Waarabu huyaita irqu nnasaa, yaani maumivu ya mshipa mkubwa utokao kiunoni, ukapita matakoni na nyuma ya paja mpaka kisigino. Haya kwa kawaida hushika mguu mmoja, na shina lake huwa mgongoni: kitu kilichotoka mahali pake baina ya mifupa ya uti kikaubana mshipa. Huwapata sana wenye kuinama na kubeba, kama wapagazi wa mlimani na wenye kupandisha majani ya ng'ombe kutoka tambarare mpaka migombani. Nayo ni maradhi ya zamani. Katika Sura ya Aali Imrani imetajwa kuwa Israili alijiharimishia baadhi ya vyakula. Na wafasiri wamepokea kwa Ibn Abbas ya kuwa sababu yake ilikuwa maradhi haya, yaliyomkosesha usingizi. Basi mwenye kupatwa asione haya, kwani yamemfika Nabii Yaakub, amani imshukie.

Ya tatu ni upungufu wa baadhi ya vitamini, na dawa zinazoondoa vitamini hizo, na ulevi. Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi, itumikayo tangu mwaka wa 1952, huondoa vitamini B6 mwilini, kwa hiyo matabibu huwapa wagonjwa wanaoogopewa ganzi kidonge cha pili cha kurudisha kilichopotea. Khabari hii yawahusu sana watu wa Kilimanjaro, kwani hospitali ya kifua kikuu ya Kibong'oto, upande wa Siha, imekuwapo tangu mwaka wa 1926. Metformini, dawa ya sukari, ikitumiwa miaka mingi yaweza kupunguza vitamini B12. Virusi vya Ukimwi vyenyewe huidhuru mishipa. Na stavudini, dawa iliyotolewa zamani kwa maradhi hayo, ilizidisha ganzi, hata Shirika la Afya Duniani likashauri mwaka wa 2009 iachwe. Ama pombe, iwe mbege ya ndizi na ulezi au nyingineyo, huiua mishipa kwa sumu yake na kwa kumnyima mlevi chakula. Sharia imekwisha kuiharimisha, na aliyetubu baada ya miaka ya kunywa asione haya kumweleza tabibu khabari yake yote.

Ya nne ni ukoma. Vijidudu vyake, alivyovigundua Gerhard Armauer Hansen wa Norwei mwaka wa 1873, hupenda kukaa katika mishipa ya fahamu. Alama yake ni baka la ngozi lisilohisi. Nao watibika kwa vidonge vitolewavyo bure, kwa miezi 6 au 12, na mgonjwa akianza dawa huacha upesi kuambukiza. Kumficha mgonjwa wa ukoma ni kumdhulumu, kwa kuwa mishipa hufa naye yu ndani.

FASLI YA TATU: Mfano wa kufahamisha

Piga mfano mtu mmoja mshona nguo wa Moshi, umri wake miaka hamsini na mitano. Amekaa na cherehani yake miaka thelathini. Kwa miaka miwili nyayo zake zilikuwa zikimwaka usiku, akizitoa nje ya shuka, au akiziweka juu ya sakafu ya baridi. Alinunua dawa ya kuchua, akachuliwa, akaambiwa ni baridi. Kisha maumivu yakatulia.

Siku moja ametoka kuswali Alasiri, akatembea mpaka dukani kwake. Mtoto akamfuata mbio, akamwambia, "Shikamoo babu, ndara yako moja imebaki pale njiani." Akatazama mguuni, akaona yuko mguu mtupu, naye hakujua wakati ilipomtoka. Wakacheka wote wawili.

Baada ya siku kumi mkewe aliona damu juu ya msala, akasema, "Bwana, hii damu ni ya nani?" Wakatazama unyayo, wakakuta sindano ya cherehani imeingia na kuvunjikia ndani, na pembeni yake pamekwisha kufanya usaha. Hakuhisi lolote. Alikuwa akitawadha mara tano kila siku juu ya mguu ule, akimimina maji bila ya kutazama.

Mtu huyu ni wa mfano tu, lakini alama zake ni za kweli, na kila tabibu wa miguu azijua: ndara kumtoka mtu asijue, kuungua na maji ya moto asishtuke, kukuta damu katika soksi. Madaktari wa Dar es Salaam wameandika khabari za wagonjwa wa sukari waliotafunwa vidole na panya wakiwa usingizini, wasiamke mpaka asubuhi. Basi donda dogo lisiloonwa huwa kubwa, kubwa huingia mfupani, kisha huja donda ndugu na msumeno.

FASLI YA NNE: Kujitibu, na aina za dawa

Wako wasemao: mwenye kumtegemea Mungu haendi kwa daktari. Maneno haya si sahihi. Katika hadithi ya Usama bin Sharik, waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, mabedui walimwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya kujitibu, naye akawaamrisha wajitibu, akawaeleza ya kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Na wanavyuoni wa Shafii wamesema kujitibu ni sunna.

Tena yafaa kumkumbuka Urwa, mwana wa Zubeir bin Al-Awwam na Asma binti Abubakar, naye ni mmoja katika wale mafakihi saba wa Madina. Alisafiri kwenda Shamu kwa khalifa Al-Walid bin Abdul-Malik, akapatwa mguuni na donda lenye kula nyama. Matabibu wakasema mguu usipokatwa litapanda na kuuharibu mwili. Akakubali, ukakatwa, akasubiri, akamshukuru Mola wake kwa viungo alivyobakishiwa. Akarudi Madina akaendelea kusomesha, na kwa kauli iliyo mashuhuri alifariki mwaka wa 94 wa Hijra. Watu husimulia subira yake, na ni haki. Lakini wasisahau ya kuwa aliwasikiliza matabibu. Subira yake haikuwa ya kuliacha donda.

Jambo la kwanza la dawa ni kujua sababu. Mtu apime sukari asubuhi kabla ya kula: ikifika 7 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, na ikarudiwa siku nyingine ikawa vile vile, ana maradhi ya sukari. Tabibu ataigusa miguu kwa uzi mgumu wa nailoni na kwa chuma cha mtetemo, apate kujua hisi imefika wapi. Moshi wako wa kuyafanya haya: hospitali ya mkoa ya Mawenzi, na hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka wa 1971.

Jambo la pili ni kuiondoa sababu. Mwenye sukari ashike dawa zake na chakula chake, atembee, na aache tumbaku, kwani tumbaku huziba mishipa ya damu ya miguu. Kushusha sukari huzuia maradhi yasizidi, ingawa hisi iliyokwisha kufa mara nyingi hairudi. Mwenye upungufu wa vitamini hupewa vitamini. Mwenye irqu nnasaa, mara nyingi hupata nafuu kwa majuma machache. Asilale kitandani siku nyingi, bali atembee kwa kadiri ya uwezo wake. Ila akikosa kuzuia mkojo au choo, au akipata ganzi baina ya mapaja, au mguu ukilegea, aende hospitali siku ile ile.

Jambo la tatu ni kutuliza maumivu. Dawa za kawaida za kichwa hazifai sana hapa. Ziko dawa zinazotuliza mishipa, kama amitriptilini, gabapentini, pregabalini na duloksetini. Huanzwa kwa kiasi kidogo, nayo amitriptilini hunywewa usiku kwa kuwa huleta usingizi. Mwenye maradhi ya moyo au mwenye shida ya kutoka mkojo asiitumie pasipo kuulizwa hali yake. Dawa hizi hutuliza kelele tu, hazimfufui mlinzi. Kwa hiyo mwenye kuzinywa asiache kuitazama miguu yake.

Ama dawa za kitabu, Ibn Maja amepokea kwa Anas bin Malik dawa ya irqu nnasaa, nayo ni mafuta ya mkia wa kondoo wa mabedui, yayeyushwe na yagawanywe mafungu matatu, yanywewe siku tatu kabla ya kula. Ibnul-Qayyim ameeleza ya kuwa maneno haya yaliwahusu watu wa Hijazi na walio karibu nao, kwa tabia ya nchi yao na maradhi yao. Basi haifai kuichukua dawa ya mshipa wa kiunoni ukampa mwenye ganzi ya sukari, kwa kuwa jina la "mishipa" limewakusanya.

Na yapasa kuonya juu ya mambo manne: kuchanja chale katika mguu usiohisi, kuumika juu yake, kuukanda kwa maji ya moto au mawe ya moto, na kukata sugu kwa wembe. Kila moja katika haya huweza kufungua mlango wa donda.

FASLI YA TANO: Udhu ni ulinzi wa miguu

Mwenyezi Mungu ameamrisha kuosha miguu mpaka vifundoni katika udhu. Mtume (S.A.W.) aliwaonya kwa moto wale walioacha visigino vyao vikavu, na katika hadithi ya Laqit bin Sabira akaamrisha kueneza udhu na kupitisha maji baina ya vidole. Ajabu ilioje: visigino na baina ya vidole ndipo hasa maradhi haya yanapoanzia kupasua. Basi Mwislamu ana nafasi tano kila siku za kuitazama miguu yake. Asiyehisi kwa ngozi na ahisi kwa macho na mkono. Na namna yake ni hii:

1. Maji yasiwe ya moto sana. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, maji yaliyozidi moto au yaliyozidi baridi ni makuruhu kutawadhia. Siku za kipupwe, Juni na Julai, watu wa mlimani hupasha maji juu ya seredani. Mwenye ganzi asiyapime kwa mguu. Ayapime kwa kisugudi, au mtu mwingine ampimie.

2. Akae kitako penye mwanga, asisimame kwa mguu mmoja kwenye birika, kwani mwenye ganzi huanguka.

3. Apitishe kidole kidogo cha mkono wa kushoto baina ya vidole vya miguu kutoka chini, aanze kidole kidogo cha mguu wa kulia na akhitimishe kwa kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Hii ndiyo sunna iliyotajwa na wanavyuoni, na hapo hapo atazame kama pana weupe wa kuvu au mpasuko.

4. Atazame unyayo. Asiyeweza kuukunja mguu aweke kioo sakafuni, au amwombe mkewe au mwanawe amtazamie. Kutwa mara moja yatosha kwa utazamaji wa uangalifu.

5. Ajifute baina ya vidole kwa kitambaa kikavu. Lililo bora katika madhehebu ni kuacha kujifuta baada ya udhu pasipo haja. Ama huyu ana haja, kwani unyevu baina ya vidole huleta kuvu, na udhuru wamwondolea lawama.

6. Usiku apake mafuta kisigino na unyayo, asipake baina ya vidole. Mafuta mepesi hayazuii udhu. Lakini kitu chenye kuganda ndani ya mpasuko, kama nta, lazima kiondolewe, maji yapate kufika.

7. Asitembee mguu mtupu, hata ndani ya nyumba, wala uani kwenye mawe yaliyoshika jua. Akifika msikitini, atafute viatu vyake karibu na mlango, na asivae mitalawanda ya choo inayobana. Viatu viwe vipana, vifunike vidole, na kila mara kabla ya kuvivaa avikung'ute na kuingiza mkono ndani. Kucha akate kwa unyoofu, asichimbe pembeni.

8. Akiona lengelenge, jeraha, wekundu, joto la upande mmoja, au weusi, aende kwa tabibu kesho yake, asingoje limuume. Halitamuuma.

FASLI YA SITA: Hukumu za mwenye donda na aliyekatwa mguu

Mwenye donda miguuni, ikiwa maji yatamdhuru kwa kauli ya tabibu mwadilifu au kwa alivyojaribu mwenyewe, huosha palipo pazima, na hutayamamu kwa ajili ya pale palipo na donda, wakati wa kukiosha kiungo kile. Ikiwa donda limefungwa kitambaa ambacho kukifungua kuna madhara, hupangusa juu ya kitambaa chote kwa maji pamoja na tayamamu. Naye hutayamamu kwa kila sala ya faradhi. Ikiwa kitambaa kilifungwa naye yu tohara, wala hakikuchukua palipo pazima zaidi ya haja ya kushika, hana sala ya kulipa.

Mwenye kuvaa khufu za ngozi ana ruhusa ya kupangusa kwa masharti yake, mwenyeji siku na usiku wake. Lakini mwenye ganzi asiifanye ruhusa hii kuwa pazia. Azivue kila siku aitazame miguu.

Tabibu akisema hapana budi kukata, kwa kuogopa donda kuenea, kukata kwajuzu, na kiungo kilichokatwa ni sunna kufungwa kitambaa na kuzikwa. Aliyekatwa chini ya vifundo huosha kilichobaki katika mahali pa faradhi. Aliyekatwa juu ya vifundo, faradhi ya mguu ule imemwondokea, na ni sunna kuosha kilichobaki. Mguu wa bandia hauoshwi kwa faradhi. Na Moshi tangu mwaka wa 1981 kiko chuo cha TATCOT, penye kufundishwa mafundi wa miguu ya bandia, wakatoka huko kwenda nchi nyingi za Afrika. Basi kukatwa mguu siyo mwisho wa kusimama.

Ama sala, Bukhari amepokea kwa Imrani bin Husein ya kuwa Mtume (S.A.W.) alimwelekeza aswali kwa kusimama, asipoweza aswali kwa kukaa, asipoweza aswali kwa ubavu. Awezaye kusimama lakini hawezi kurukuu wala kusujudu kwa maumivu ya mgongo, husimama, kisha huashiria. Asiache kisimamo kwa kuwa amepata kiti.

Ama saumu, mgonjwa anayeogopa madhara hufungua, akalipa siku nyingine. Na mwenye maradhi yasiyotarajiwa kupona, asiyeweza kufunga, hutoa kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku. Mwenye sukari ashauriane na tabibu wake kabla ya Ramadhani, hasa mwenye kupiga sindano za insulini.

MASUALA NA MAJIBU

Suala: Mtu ambaye miguu yake haiumi, ana haja gani ya kupimwa?
Jibu: Akiwa na sukari, na apimwe miguu kila mwaka, japokuwa haumwi. Kutouma si ushahidi wa uzima.

Suala: Je, ganzi ya miguu yatengua udhu?
Jibu: Haitengui. Na kuosha ni wajibu vile vile, ahisi maji au asihisi.

Suala: Mtu akinywa dawa za miti za kushusha sukari, aache za hospitali?
Jibu: Asiache. Mwenye kuacha insulini kwa ghafula huweza kufa. Na dawa ya miti amweleze tabibu, kwani mbili zikikutana huweza kushusha sukari kupita kiasi.

Suala: Ni lipi la wajibu juu ya jamaa wa mgonjwa?
Jibu: Wamtazamie miguu asipoweza mwenyewe, wala wasimcheke ndara inapomtoka.

KHATIMA

Khulasa ya mafunzo haya ni hii: mwili ni amana, na miguu ni katika amana hiyo. Miguu ndiyo inayompeleka mtu msikitini, ikampeleka kwa wazazi wake, ikampeleka kuhiji. Mwenyezi Mungu aliiwekea mlinzi naye ni maumivu. Mlinzi yule akifa, kazi yake imehamia kwa jicho na mkono, na wakati wake ni wakati wa udhu. Anayesoma haya na ainame, kwa udhu wa sala ijayo, autazame unyayo wake. Na akiwa hakuutazama kwa mwaka mzima, na amwambie na jirani yake.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wa Kiislamu, awape subira pamoja na dawa, na awathibitishe miguu yao siku itakapoteleza miguu. Amin.